Kungoja zamu: fundisho juu ya konserto 25 za Mozart



Muhula uliopita, katika saa ya muziki, tuliwasikilizisha wanafunzi wa darasa la tatu na la nne konserto moja ya Mozart. Tuliwaambia mbele: "Angalieni sana piano." Orkestra ikaanza. Minuti ya kwanza ikapita, piano hakuna. Minuti ya pili, bado hakuna. Nyuma ya darasa wakaanza kucheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Yule wa piano amelala!" Mwingine akamjibu, "Hapana, hawajamlipa." Tulicheka sisi pia, hatuwezi kuficha. Lakini jioni, ku interna, mwanafunzi mmoja alitufuata na ulizo la kweli: "Watu wamelipa ili wamsikie yeye. Jina lake njo kubwa kwenye tangazo. Sababu gani anakaa kimya namna ile?"

Hatukuwa na jibu zuri siku ile. Tumesoma, tumesikiliza tena, na leo tunaleta jibu letu. Tena tunalileta kwa wakati wake, kwa maana wote munajua mambo yaliyopita hapa kwetu: kwaya ilikaa siku nane bila mazoezi kwa sababu ya ugomvi juu ya nani ataimba peke yake siku ya sikukuu. Na ile harmoniumu yetu moja, kila mtu anataka kuikalia, hakuna anayetaka kuiachia mwenzake. Kwa hiyo ulizo la piano inayonyamaza si ulizo la Wazungu wa zamani tu. Linatuhusu.

I. KONSERTO NI KITU GANI?

Musichanganye maneno mawili. Konseri ni mkutano ambapo watu wanakuja kusikiliza muziki. Konserto ni namna moja ya muziki: mpigaji mmoja anasimama upande huu, kundi la wapigaji upande ule, na wanapiga pamoja. Mara nyingine yule mmoja anapiga violoni, mara nyingine filimbi. Hapa tunasema juu ya piano.

Na tunaposema orkestra, tusifikiri bendi ya rumba. Orkestra ya muziki huu iko na violoni nyingi, ndogo na kubwa, na filimbi za namna namna, na baragumu. Mara nyingine tarumbeta na ngoma mbili. Orkestra kubwa inaweza kupita watu 80. Orkestra ndogo, ile inayofaa kwa chumba au ukumbi mdogo, mara nyingi ni watu 25 mpaka 40. Ile ndogo inafaa sana kwa Mozart, kwa sababu karibu hivyo ndivyo alivyozoea mwenyewe. Katika orkestra ndogo hakuna mahali pa kujificha. Ukikosa noti, jirani anasikia, na watu wa kiti cha mwisho wanasikia.

Konserto ya Mozart kwa kawaida ina sehemu tatu: ya kwanza ya mwendo wa haraka, ya pili ya polepole, ya tatu ya haraka tena. Yote inachukua karibu nusu saa, nyingine chini yake.

II. MOZART NA MKATE WAKE

Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756. Tangu utoto alifanya kazi kwa askofu mkuu wa mji ule, kama mtumishi wa nyumba anayepiga muziki. Mwaka 1781 aligombana na bwana wake huko Vienna. Alimwandikia baba yake kwamba mkubwa mmoja wa nyumba ya askofu alimtoa mlangoni kwa teke. Basi akabaki Vienna, kijana wa miaka 25, bila mshahara, bila bwana.

Ataishi namna gani? Alifundisha watoto wa matajiri. Tena alifanya konseri za kuandikisha: watu wanaandika majina yao na kulipa mbele, naye anawaahidi muziki mpya. Njo maana aliandika konserto nyingi hivi. Zilikuwa muhogo wake na mafuta yake. Kati ya 1782 na 1786 aliandika 15, na katika mwaka 1784 peke yake alimaliza sita. Alimweleza baba yake kwamba alitafuta njia ya katikati: mtu mwenye elimu apate kitu cha kumfurahisha, na mtu asiye na elimu afurahi pia, hata kama hajui sababu.

Mwezi wa Machi 1784 alimpelekea baba yake orodha ya watu waliojiandikisha. Yalikuwa majina 174, majina makubwa ya Vienna. Katika Februari 1785 baba yake, Leopold, alisafiri kuja kumtazama. Alifika Ijumaa tarehe 11, na jioni ile ile akaingia katika konseri. Konserto mpya, ile inayohesabiwa ya 20, ilikuwa imemalizika siku moja mbele. Mwandishi alikuwa bado ananakili karatasi za wapigaji baba alipofika, na Mozart hakupata hata nafasi ya kupiga sehemu ya mwisho mara moja, kwa sababu alikuwa anasimamia kunakili. Sisi tunaojua kazi ya stensili na wino usiku wa kutoa kijarida hiki, tunamhurumia kabisa!

Lakini watu wa mji ni kama mvua, wanakuja na wanakwenda. Vita ilifika, matajiri walipunguza matumizi, mapendezi yakageuka. Mwaka 1789 Mozart alipeleka tena orodha katika mji. Ilirudi na jina moja tu. Kutoka 174 mpaka moja, katika miaka mitano. Hata hivi aliandika konserto moja tena ya piano, ya mwisho, Januari 1791. Tarehe 5 Desemba ya mwaka ule alikufa, akiwa na miaka 35.

Kwa hesabu ya kawaida konserto zake za piano ni 27. Moja kati ya hizo ni ya piano tatu, moja ni ya piano mbili. Ukizitoa hizo, zinabaki 25 za mpigaji mmoja. Nne za kwanza alizitengeneza akiwa mtoto wa miaka 11, kwa kutumia muziki wa watu wengine. Ndivyo alivyojifunza: kwanza kushika vizuri kazi ya wenzake, kisha kuleta ya kwake.

III. SABABU GANI PIANO INANGOJA?

Sasa turudi kwa ulizo letu. Ile tuliyosikiliza darasani ilikuwa hiyo hiyo ya 20, yenye namba K. 466. (Herufi K ni ya bwana Köchel, aliyepanga kazi zote za Mozart katika orodha moja mwaka 1862.) Iko katika re mineri, sauti ya giza na masumbuko. Violoni zinaanza polepole, zinatetemeka, hazikanyagi pale mguu unapotazamia. Chini, zile sauti nene zinanguruma. Orkestra inapiga peke yake vipimo 76. Katika kipimo cha 77 piano inaingia.

Sababu ya kwanza: orkestra inatutengenezea nyumba. Inaleta nyimbo ambazo tutakutana nazo njiani, ili zikirudi tuzitambue. Mzee akifika katika baraza hakati maneno ya watu. Anakaa, anasikia shauri lilipofika, kisha anafungua kinywa. Akisema mbele ya kusikia, watoto pia watamcheka.

Sababu ya pili: kungoja kunalipa neno lake uzito. Katika K. 466 piano ikiingia hairudilii kelele ya orkestra. Inaingia peke yake, kwa wimbo mwingine, mpole, kama mtu anayesema kwa sauti ya chini katika nyumba yenye ugomvi. Kama ingaliingia katika kipimo cha kwanza, wimbo ule ungalikuwa wimbo mzuri tu. Nyuma ya vipimo 76 vya tufani, ni jibu.

Na Mozart alijua kuvunja desturi pia. Katika konserto ya 9, ya mwaka 1777, orkestra inasema neno moja fupi na piano inajibu papo hapo. Basi kungoja hakukuwa sheria ya polisi. Alichagua kila mara: hapa ngoja, hapa ingia.

Sababu ya tatu: yule aliyenyamaza hakulala. Mozart mwenyewe alikuwa anakaa katikati ya wenzake, akiwaongoza kutoka kwenye piano, na wakati wa kungoja mikono yake ilisaidia sauti za chini pamoja na orkestra. Alikuwa mkubwa wa siku na msaidizi kwa wakati mmoja.

Tena angalieni: zamu inageuka. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, orkestra yote inasimama juu ya sauti moja na kunyamaza. Sasa wao njo wanangoja. Piano inapiga peke yake, bila msaada wa mtu, ikionyesha uwezo wake wote. Pahali pale panaitwa kadensa. Katika K. 466 Mozart hakutuachia kadensa yake. Beethoven aliandika moja, na wapigaji wengi wanaitumia mpaka leo. Lakini wenzake watajua namna gani kwamba amemaliza? Kwa desturi anatoa alama: vidole viwili vinatetemeka kwa haraka juu ya noti mbili zilizo jirani, kwa muda mrefu. Hiyo ni trili. Maana yake: "Nimemaliza, ingieni." Na wote wanaingia pamoja. Hata mwenye kusema peke yake iko na deni la kufungua mlango kwa wengine.

IV. LILI KRAUS, ALIYEJUA KUNGOJA

Kupiga konserto moja vizuri ni kazi ya miezi. Kuzipiga zote 25 ni kazi ya maisha. Tunataka kuwaeleza juu ya mama mmoja aliyefanya hivyo.

Lili Kraus alizaliwa Budapest, katika Hungaria, mwaka 1903. Alijifunza mjini kwao, na kati ya walimu wake walikuwa Béla Bartók na Zoltán Kodály, watunzi wawili wakubwa wa Hungaria wa wakati ule. Kisha alikwenda Vienna, na baadaye Berlin kwa mwalimu Artur Schnabel. Katika miaka ya 1930 jina lake lilitoka katika nchi nyingi, zaidi kwa muziki wa Mozart.

Vita kubwa ya pili ilimkuta Asia, katika safari ya konseri. Alikuwa Java, ambayo ilikuwa koloni la Waholanzi. Wajapani waliteka kisiwa kile mwaka 1942, na mwaka 1943 wakamfunga katika kambi, yeye na jamaa yake. Alikaa kifungoni mpaka vita ilipokwisha mwaka 1945. Mikono iliyozoea piano ilipewa kazi ngumu, na miezi mingi ikapita bila piano.

Wandugu, tusimame hapa kidogo. Mpigaji wa piano akikosa chombo siku tatu, vidole vinaanza kulalamika. Je, miezi mingi? Karatasi za muziki zinaweza kuungua, chombo kinaweza kunyang'anywa, mikono inaweza kupasuka. Kinachobaki ni kile tu kilichoingia kichwani na moyoni wakati wa kujifunza. Mwanafunzi anayetazama kitabu cha mwenzake usiku wa mtihani hatabaki na kitu siku vitabu vikipotea.

Alipotoka kambini alianza upya. Alipata uraia katika New Zealand, alifundisha kwa muda hata katika Afrika, kule Cape Town, akarudi kidogo kidogo katika kumbi za Ulaya na Marekani. Kisha, katika msimu wa 1966–67, alipiga konserto zote 25 za Mozart katika mji wa New York, katika konseri zilizofuatana, pamoja na orkestra ndogo iliyoongozwa na Stephen Simon. Alikuwa amepita miaka 60. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita tangu mlango wa kambi ulipofunguliwa. Baadaye alifundisha miaka mingi katika chuo kimoja cha Texas, akafa mwaka 1986.

V. KUPIGA ZOTE KUNATAKA NINI?

Kwanza, kunataka kumbukumbu. Ukiunganisha konserto 25 ni kama saa kumi za muziki. Na nyingi zinafanana kwa nje, kama mapacha. Ukikosea njia katika moja, unaweza kujikuta ndani ya nyingine.

Pili, kunataka kuheshimu zile ndogo. Mtu anayepiga K. 466 peke yake anapata sifa kwa haraka, kwa sababu muziki wenyewe unatetemesha watu. Lakini anayepiga zote anapaswa kukaa pia na zile za mtoto wa miaka 11, azipige kwa uangalifu ule ule. Hapo tunajua kama mtu anapenda kazi ao anapenda makofi.

Tatu, kunataka masikio. Katika zile za miaka ya mwisho, filimbi zina mazungumzo yao na piano. Mwisho wa mwaka 1785 Mozart alianza kutia klarineti katika konserto zake za piano, na kuna mahali ambapo filimbi njo zinaimba, na piano inawapambia njia kwa noti ndogo ndogo. Mpigaji asiyesikia atapiga noti zake kwa nguvu na kuwafunika wenzake. Noti zitakuwa sawa, na muziki utakuwa umekufa.

Wengine wamefanya kazi hiyo pia. Géza Anda, mzaliwa wa Budapest kama Lili Kraus, alizitia katika sahani kati ya 1961 na 1969 pamoja na orkestra ndogo ya Salzburg, akiongoza mwenyewe kutoka kwenye piano. Daniel Barenboim alifanya vilevile na orkestra ndogo ya London. Kwa hao wawili hapakuwa na mtu wa fimbo. Mikono ikiwa imeshikwa na kazi, waliongoza kwa macho, kwa kichwa, kwa pumzi. Hiyo inawezekana tu kama kila mmoja wa orkestra anasikiliza wenzake wote. Kiongozi asiye na mkono huru anahitaji watu wenye masikio.

Na mtu asiseme, "Hayo si ya kwetu." Katika Kinshasa, tangu mwaka 1994, kuna Orkestra Simfoniki ya Wakimbanguisti, iliyoanzishwa na Armand Diangienda. Wengi walianza bila chombo cha kutosha, wakipokezana violoni moja, huyu anapiga, yule anangoja. Wamefika mbali kwa njia hiyo.

VI. FAIDA KWETU

Hatuandiki haya ili kuwahukumu wana kwaya. Kati yetu tunaoandika, wawili walikuwa ndani ya ule ugomvi, na mmoja alipiga mlango kwa hasira. Lakini nyuma ya kujifunza habari hii, tunaleta shauri kwa wakubwa wa kwaya na kwa Bwana Prefe:

1. Anayetaka kuimba peke yake aonyeshe kwanza kwamba anajua sauti nyingine za wimbo ule, hapana ile yake tu. Mtu asiyejua wenzake wanaimba nini hawezi kujua wakati wa kuingia.

2. Anayeimba peke yake katika wimbo mmoja, katika wimbo unaofuata aimbe nyuma, ndani ya kundi.

3. Kwa harmoniumu, tuandike orodha ya zamu mlangoni. Na anayengoja zamu akae chumbani na kusikiliza, asizungukezunguke inje. Atajifunza nusu ya somo kwa masikio.

Yule mwenzetu aliyeuliza sasa anataka kusikia K. 466 mara ya pili. Alituambia atahesabu vipimo 76 kwa vidole, aone kama piano itaingia kweli. Tutaipiga tena Jumamosi nyuma ya chakula cha jioni, katika darasa la nne. Safari hii, atakayecheka mbele ya kipimo cha 77 atafagia darasa.

MAULIZO

1. Konseri na konserto zinaachana namna gani?
2. Mozart aliandika konserto 15 katika miaka 1782–1786. Eleza sababu mbili.
3. Katika kadensa, nani anangoja, na anajua namna gani kwamba zamu yake imefika?
4. Orodha ya 1784 ilikuwa na majina 174, ya 1789 jina moja. Ungekuwa Mozart, ungaliandika tena? Toa sababu.
5. Zoezi la kikundi: soprano na alto waimbe ubeti mmoja, tenor na bas wahesabu kimya bila kugonga mguu, kisha waingie pamoja. Badilisheni. Kikundi gani kilingoja vizuri kupita kingine?

Majibu ya ulizo la 4 yaletwe kwetu kwa karatasi. Yale mazuri tutayatia katika kijarida kinachokuja.



Sisi, kikundi cha muziki